Kishungi Hasimami

Jumanne alfajiri nilipofungua tundu
walitoka tisa. Nikahesabu tena: tisa.
Kishungi kabaki ndani, kidari kimelala chini,
mbawa kazitanua kuziegemea kama mikongojo,
ananitazama kwa jicho moja
kama anayesema: nyinyi tangulieni.

Nikamtoa, nikamsimamisha juu ya jamvi.
Akaporomoka taratibu,
kama suruali iliyokatika mkanda.

Bi Mize akachungulia juu ya kiambaza:
"Kideri hicho. Mchinje kabla hajafa, upate kitoweo."
Mwanawe akadakia: "Si kideri, ni kijicho.
Nani kayasifu mayai yake?"
Nikamwambia, miye.

Miye ni fundi wa cherehani, hapa Jadida, Wete.
Kazi yangu kutafuta mshono ulipofumukia.
Basi nikampekua kama nguo ya mteja.
Undu bado mwekundu. Macho makavu,
hakoromi, shingo haikupinda,
kinyesi si cha kijani;
na kideri hakibishi hodi kwa mmoja
kikawaacha tisa.
Nyayo hazina jipu wala mwiba.
Kisha vidole, kimoja kimoja, mkono ukinitetema,
maana nilihofia uzi wangu,
vile vipande ninavyokata kwa meno
nikavitema uwani.
Hapana uzi.
Pumzi zikashuka. Aibu haikushuka.
Nikampapasa chini ya tumbo:
hapana yai lililokwama.

Nikampigia simu Shaame wa mifugo.
Yuko Micheweni, kwenye ng'ombe aliyezaa vibaya,
upepo unampokonya maneno.
"Anataga?"
Kila siku, tangu Mfunguo Tatu.
"Makaka yakoje?"
Nikanyamaza.
Wiki iliyopita niliokota yai halina kaka,
ngozi tupu, linabonyea kama shavu la mtoto.
Nililikaanga. Sikujiuliza kitu.
"Basi chokaa ya mayai anaichimba mifupani mwake.
Pengine," akasema Shaame. "Nikirudi nitamtazama. Pengine."

Mama yangu alizaa saba.
Baada ya wa saba alikuwa akienda jikoni kwa kujiburura,
na watu wazima wakasema: upepo.
Wakamfukizia ubani, wakamfunga hirizi gotini.
Hapana aliyeuliza anakula nini.
Alikuwa akila ukoko, sisi tukishashiba.

Nikamtuma Raya pwani, akaja na makaka ya chaza,
ndoo nzima, yananuka tope.
Nikayaosha, nikayachoma kwenye makaa,
nikayatwanga kinuni hata Bi Mize akauliza
ni harusi ya nani.
Unga ule nikauchanganya na pumba,
vichwa vya dagaa, mchicha uliokatwa kama uzi,
nikamlisha kwa ncha ya kidole.
Nikamtenga na wenziwe, maana walishaanza kumdonoa;
kuku hawana subira na aliyeanguka.
Kikapuni nikamtandikia mabaki ya vitambaa,
asubuhi nikamtoa juani,
nikamgeuza ubavu huu na huu
kidari kisije kikachubuka.
Maji kwenye kifuu, karibu na mdomo.

Jumatano, hapana kitu.
Alhamisi alikula kidogo. Ijumaa alikataa,
nikamkasirikia, nikamwomba radhi,
nikaona haya kumwomba radhi kuku.
Usiku, mguu ukiwa juu ya pedali,
nilikuwa nikisimamisha gurudumu
nisikilize kama anapumua.

Shaame hakuja. Ng'ombe alikufa, nilisikia.

Jumatatu nilikuwa nikikata satini ya bibi harusi wa Limbani,
imetandazwa sakafuni, nyeupe kama wali wa sikukuu.
Nikasikia kwaru. Kwaru tena.
Kishungi kasimama kando ya kikapu, miguu imeachana,
anayumba kama aliyeshuka chomboni.
Hatua moja. Akafikiri.
Hatua mbili, akapanda juu ya satini,
akatulia katikati,
akainua mkia,
akaniharibia yadi nzima.

Raya akaziba mdomo.
Miye nilikaa pale pale, mkasi mkononi,
nikiutazama ule mguu wa kushoto
unavyotafuta pa kukanyaga.